Gari Kuukuu, Bonasi ya Chai na Neno "Mengineyo"



Majuma mawili ukurasa huu haukutoka, na baadhi yenu mmeniulizia kwa majirani kama nimeshikwa na homa. Alhamdulillahi, mimi mzima. Nilikuwa bara, Kiptere, katika nchi ya chai ya Kericho, kwa mdogo wangu wa tumbo moja aliyeolewa huko miaka 26 iliyopita. Nilikwenda kwa sababu ya simu moja aliyonipigia baada ya sala ya alfajiri. Hata salamu hakunipa. Alisema, "Dada, njoo uzungumze na mwanao. Anataka nimnunulie sanda kwa bonasi yangu ya chai."

Mwanao huyo ni kijana wake wa pili, umri miaka 23, ambaye huniita Mamkubwa kwa adabu na hunificha mambo kwa adabu vilevile. Na sanda yenyewe ilikuwa gari. Gari kuukuu, la kushindania mbio.

Kwa ambao hawajafika, Kiptere ni kituo cha soko kwenye barabara itokayo Kapsoit kuelekea Sondu. Asubuhi majani ya chai hung'aa kama yaliyopakwa mafuta. Ikifika alasiri mbingu hukunja uso, na mvua, pengine ya mawe, hushuka kwa ghadhabu juu ya mabati hata mazungumzo yakakatika. Udongo wake ni mwekundu. Ukilowa huteleza kama sabuni, na ukikauka huwa vumbi linaloingia hata katika kabati la nguo lililofungwa kwa ufunguo. Udongo huo nimeutaja kwa makusudi, nanyi mtaona sababu.

Bonasi nayo yataka maelezo, maana sisi wa minazi na mikorosho hatuijui. Mkulima mdogo wa chai hupeleka majani mabichi katika kituo cha kununulia, hulipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa uzito wa majani yake, na baada ya mwaka wa kiwanda kufungwa hupata malipo ya pili ambayo kila mtu huyaita bonasi. Karo hungoja bonasi, mabati hungoja bonasi, arusi hungoja bonasi. Mdogo wangu ana shamba lake dogo alilopewa na mumewe, na pesa itokayo humo ni yake. Katika nyumba ile jambo hilo halina mjadala. Kwa hiyo kijana hakwenda kwa baba yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikwenda kwa mama.

Mchezo wenyewe anauita ralikrosi. Nilimwomba anieleze polepole kama anavyomweleza mtoto. Si rali ile tuliyoizoea, ya gari moja moja kuondoka na kupotelea nyikani. Hapa magari kadhaa hupangwa mstari mmoja na kuachiliwa kwa pamoja, kwenye njia fupi iliyozungushwa, sehemu lami na sehemu udongo, kwa mizunguko michache tu, na mambo yote huisha kabla chai haijapoa kikombeni. Ulianzia Uingereza, katika uwanja wa Lydden, tarehe 4 Februari 1967, ukiwa umetayarishwa kwa ajili ya watazamaji wa televisheni, na mshindi wa siku ile alikuwa Vic Elford katika Porsche 911. Kwetu Kenya mchezo ulio karibu nao ni autokrosi: njia ni ya udongo mtupu, na gari hushindana zaidi na saa kuliko na jirani yake. Humo ndimo kijana wetu atakamoanzia, akijaaliwa kuanza. Ralikrosi ni ndoto ya mbele.

Mtauliza kwa nini mama mtu hakusema "hapana" na maneno yakaisha. Nami nilimwuliza hivyo usiku wa kwanza, tukiwa jikoni, na akanijibu kwa sauti ya chini ili baba mtu asisikie. Kumbe kijana alikuwa akiendesha Probox ya mtu usiku, kupeleka kabichi na maziwa Kisumu, na vijana wale wakirudi na magari matupu hushindana barabarani, taa kwa taa, katika kona za milima ya chai. Mara moja alitumbukia mtaroni, akarudi nyumbani na matope mpaka kifuani, akasema ameanguka kwa pikipiki. Na Kericho haijasahau jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoingia katikati ya watu pale Londiani Junction na kuua zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliosimama kando ya barabara. Hakuna aliyekuwa akishindana mbio siku ile. Lakini tangu hapo mdogo wangu akisikia honi ndefu usiku huacha alilo nalo mkononi na kusimama mpaka iishe.

"Dada," aliniambia, "huo mwendo umeshamwingia. Kumtoa siwezi. Naweza kumhamisha tu. Huko kwenye mchezo kuna uzio, kuna gari la wagonjwa, na hakuna mama anayeuza mahindi pembeni."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwambia tulale, kesho nitaliona gari.

Lilikuwa nyuma ya nyumba ya jirani, chini ya mparachichi. Toyota Corolla DX, umbo la mwanzo wa miaka ya 1980, lenye injini ya 4K na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mwenye gari alitaka Sh40,000, na akasisitiza kwamba mayai hayamo katika bei.

Kabla ya hilo kijana alikuwa amenituma, kwa ujumbe wa simu, nimtafutie gari la bei nafuu Mombasa, nami nikakataa bila kumweleza. Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa magari pale Majengo, na sisi mabinti zake tulilelewa katikati ya harufu ya grisi na harufu ya mahamri kwa pamoja. Gari la pwani, alikuwa akisema, huliwa na chumvi kuanzia chini. Rangi hubaki nzuri kama bibi arusi ilhali miguu imeoza. Alikuwa akitupa bisibisi, kila binti na yake, tuchome vizingiti vya milango, sakafu chini ya pedali, na pale springi zinapokalia. Bisibisi ikilia "ti", gari lina mifupa. Ikiingia kimya, mwambie mwenye gari ahsante uende zako. Basi na hapo chini ya mparachichi, mwanamke mtu mzima mwenye buibui, niliomba bisibisi. Iliingia mahali pawili, padogo, panapozibika. Kwingine kote ililia. Bara kuna mvua nyingi lakini hakuna chumvi. Nikasema linunuliwe.

Jioni kijana akaniletea daftari. Ana hati nzuri, nami nilifurahi kuona amepanga. Pesa zote zilikuwa Sh180,000: Sh120,000 za bonasi ya mama na Sh60,000 za akiba yake mwenyewe. (Kuna aliyemshauri akope zaidi kwa simu, mama yake alikataa riba isiingie katika jambo ambalo tayari linamnyima usingizi.) Ukitoa gari, zinabaki Sh140,000. Naye alikuwa amezigawa hivi: injini Sh80,000, matairi Sh25,000, rangi na michoro Sh15,000, mengineyo Sh20,000.

Injini aliyoitaka ni ya Toyota Mark II, ya silinda sita, iliyotolewa katika gari lililopata ajali. Sikusema neno juu ya injini. Nilimwuliza mengineyo ni nini.

"Mkanda, Mamkubwa. Helmeti. Kizimba. Vitu kama hivyo."

Nililisoma neno lile tena. Ndani yake, baada ya rangi na michoro, ilikuwamo shingo ya mtoto wa mdogo wangu.

"Na kizimba hakina gharama," aliendelea, akidhani ananipoza moyo. "Baba ana mabomba dukani."

Kizimba, au rolikeji kama mafundi wanavyokiita, ni mifupa ya chuma inayojengwa ndani ya gari: tao kubwa nyuma ya dereva, vyuma vinavyokwenda mbele juu ya milango, na vingine vya kuegemeza kwa nyuma, ili gari likipinduka paa lisimfikie mtu kichwani. Katika michezo hii kupinduka si ajabu. Gurudumu likinasa katika mfereji uliochimbwa na magari yaliyotangulia, gari huenda ubavu. Kanuni za shirikisho la dunia, FIA, hutaka tao kuu liwe la bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 kwa unene wa 2.5, au kipenyo 50 kwa unene wa 2. Kila mguu wa kizimba unaofungwa kwenye sakafu utiliwe sahani ya chuma yenye unene usiopungua milimita 3, na ukazwe kwa bolti zisizopungua tatu.

Bomba la maji ni kitu kingine kabisa. Aghalabu limekunjwa kutokana na bati na kuunganishwa kwa mshono, kisha likapakwa zinki lisipate kutu. Kazi yake ni kubeba maji. Uzito wa gari ukiliangukia hukunjika, au hupasuka pale lilipochomelewa, na chuma kilichopasuka karibu na kichwa cha mtu ni afadhali kisingekuwapo. Isitoshe, fundi akilichomelea zinki hugeuka moshi mweupe unaomletea homa na mtetemeko usiku. Mafundi wengi wa jua kali hunywa maziwa wakiamini yatawakinga. Hayawakingi. Mwenye mume au mwana katika kazi hiyo amwambie aikwangue zinki kwanza na afanyie kazi penye upepo.

Kijana hakuniamini. Mimi ni mwandishi wa mambo ya nyumbani, yeye ametazama video mia. Tukaenda wote watatu, na mama yake, kwa fundi wa kuchomelea pale sokoni, mzee wa Kikipsigis mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alilipokea bomba, akaligeuza, akaligonga kwa nyundo, akasikiliza.

"Mama," alimwambia mdogo wangu, "hii ni ya kupeleka maji kwa ng'ombe. Nikifungia mtoto wako ndani ya hii, Jumapili nitaangalia watu kanisani namna gani?"

Nilimwambia Mungu ambariki. Tulirudi nyumbani bila kusemezana, na mvua ikatukuta njiani.

Sasa niwaeleze jambo lililomkera kijana, maana halikuwa ubishi mtupu. "Mamkubwa," alisema tukiwa mezani, "nikinunua mabomba ya bei hiyo, injini itabaki ileile ndogo. Nitakuwa wa mwisho. Watu watanicheka." Hilo la kuchekwa, kwa kijana wa miaka 23, si jambo dogo, na mimi sipendi wazazi wanaolipuuza.

Nikamwuliza kama anamjua Joginder Singh. Alijua kwamba alishinda Safari Rally, kama kila Mkenya ajuavyo. Hakujua kwamba mtu huyo alizaliwa Kericho.

Naam, Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa familia ya Makalasinga, kama tulivyozoea kuwaita, na alikuwa fundi kabla hajawa dereva wa kusifiwa. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544, gari lenye umbo la kizamani ambalo kiwanda kiliacha kuliunda mwaka huohuo. Wala halikuwa jipya. Timu ya Volvo ilikuwa imelitumia katika Safari ya mwaka uliotangulia, naye akalinunua mkono wa pili. Viwanda vilileta magari mapya na mafundi wao, na ndugu wawili wa hapa wakawashinda kwa gari walilolinunua likiwa limekwisha kuchoka. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Colt Lancer, na ile ya 1974 alimwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa katika Porsche 911.

Wengine wenu mnakumbuka zile Pasaka magari ya Safari yalipokuwa yakishuka pwani. Baba alitupeleka kando ya barabara tukiwa na chupa ya chai na mkate wa mofa. Hakutuonyesha gari lipi linakwenda kasi. Alituonyesha lipi linatoa mlio mbaya. "Lile halifiki," alikuwa akisema, na mara nyingi halikufika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 vilevile, na miaka yote miwili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404: gari lilelile lililobeba abiria na maharusi wetu mpaka viti vikatoboka.

Niliyasema haya kwa furaha, nikidhani nimemaliza hoja. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Lakini Mamkubwa, Safari ilikuwa siku nne. Hii ni dakika nne."

Alikuwa na haki. Gari la kudumu si lazima liwe gari la kushinda mbio fupi. Katika mbio fupi nguvu ina bei yake, na ningewadanganya nikisema Joginder amemaliza shauri hili. Nilinyamaza. Aliyejibu ni shemeji yangu, mtu asiyezungumza mezani ila akiomba chumvi.

"Na huu udongo ukilowa," alisema, "hiyo nguvu utaipeleka wapi?"

Hakuongeza neno. Lakini kijana, aliyewahi kutumbukia mtaroni katika udongo huohuo, alielewa. Penye utelezi, injini kubwa kazi yake ni kuzungusha magurudumu mahali pamoja. Na injini ile ya silinda sita ni nzito: ukiiweka mbele ya gari jepesi kama DX, pua huinama na gari hukataa kona. Kisha breki za zamani hazitoshi, difu haitoshi, rejeta haitoshi, na shafti yataka kukatwa upya. Ukinunua injini ya Sh80,000, umejifunga kununua gari zima vipande vipande. Sijui kijana alishawishika na lipi katika hayo. Alichukua daftari, akapiga mstari juu ya ukurasa wote.

Ilituchukua jioni nne kuuandika upya. Mabomba halali, sahani, bolti na ujira wa fundi: Sh40,000. Helmeti, mikanda na kiti: Sh65,000. Kizima moto na swichi ya kukata umeme wote wa gari: Sh8,000. Breki, springi na shokomzoba: Sh17,000. Injini: Sh10,000. Rangi hakuna. Gari litakimbia likiwa na rangi ya kinyesi cha kuku, na mdogo wangu anasema inapendeza.

Niseme machache juu ya zile Sh65,000, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi hudanganywa. Helmeti isinunuliwe mkono wa pili kwa mtu usiyemjua, kwani ikishapigwa mara moja huenda imevunjika ndani na nje isionekane alama. Mkanda wa kawaida wa gari hautoshi. Unatakiwa ule wa kupita mabega yote mawili, kiuno na mapajani, na ule wa mabega ufungwe nyuma ya kiti kwenye chuma cha kizimba, usishuke mno kuelekea sakafuni, la sivyo gari likigonga mkanda utambana uti wa mgongo. Mikanda ya mashindano huandikwa mwaka inapokwisha muda wake, kama maziwa ya pakiti. Kijana alikuwa amekwisha kuonyeshwa mmoja wa bei ya kutupa, muda wake umepita siku nyingi. Kiti, ndiyo, kitapatikana mkono wa pili, mradi tarehe yake ipo na hakina ufa.

Na matairi? Hayo yalitoka katika yale yasiyokuwa na gharama ila jasho. Gari la mbio halitaki zulia, redio, kiti cha nyuma wala mapambo ya milango. Tulivitoa vyote, tukaviosha, vikauzwa sokoni kwa siku mbili, na fedha ikanunua matairi manne yaliyotumika ambayo bado yana meno. Chini ya zulia la magari ya zamani kuna lami iliyopakwa sakafuni kuzuia kelele, nzito na ngumu kama ukoko. Kuikwangua ilikuwa kazi yetu wanawake, mimi, mdogo wangu na binti yake wa miaka 17, tumejitanda leso chini ya mabati, mvua ikinguruma juu. Kwa muda mrefu sijacheka na mdogo wangu kama nilivyocheka siku zile.

Binti huyo, kwa taarifa yenu, ndiye aliyemkumbusha kaka yake jinsi ya kurudisha waya za plagi: moja, tatu, nne, mbili. Akaniuliza kama wanawake hushindana. Nikamwambia mwaka 1974, Safari ile ile Joginder aliyoshinda kwa Mitsubishi, Orie Rogo Manduli aliingia na kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kushiriki. Na kwamba Safari ya 2022 Maxine Wahome alishinda kundi lake la WRC3. Mama yake aliniangalia jicho la pembeni. Nikabadilisha mazungumzo.

Zile Sh10,000 za injini zilitosha. Hiyo 4K ni injini sahili, na uzuri wake ndio huo: kabureta ikasafishwa, pointi na plagi mpya, gasketi ya kichwa, mpangilio wa valvu, rejeta ikafunguliwa na kuondolewa matope ya miaka. Chujio la hewa tulinunua mawili kwa ajili ya vumbi. Chini ya sampu fundi alifunga sahani ya chuma iliyotoka katika jembe la trekta lililokufa. Iliponguruma mara ya kwanza, kuku wa jirani, ambao bado walilihesabu gari kuwa lao, walitawanyika mpaka kwenye majani ya chai.

Gari hilo sasa halifai tena barabarani, na kijana ameelezwa hivyo na baba yake kwa sentensi moja fupi. Litakwenda uwanjani juu ya pikapu. Bima ya kawaida haimlindi mtu katika mashindano, na hakuna kushindana mpaka apate leseni na gari likaguliwe na wasimamizi wa mchezo. Bado anakosa ovaroli isiyoshika moto. Mama yake amesema ovaroli itatokana na malipo ya chai ya kila mwezi, yaani itachukua miezi, na kabla ya hapo funguo zinakaa kwake, ndani ya kabati lile linaloingia vumbi. Kijana alipinga kidogo. Lakini Probox ameiacha. Hilo nimelithibitisha kwa mwenyewe Probox, ambaye hakufurahi.

Siku moja kabla sijaondoka, kizimba kilikuwa kimekwisha kufungwa. Fundi alituita tukaone. Kiti kilikuwa hakijafika, kwa hiyo mdogo wangu alipandisha buibui lake kidogo, akapita kati ya vyuma, akakaa juu ya kreti la soda pale atakapokaa mwanawe. Alikaa kimya. Aligonga bomba la juu kwa pete yake, akalisikiliza. Kisha akainama akaanza kuhesabu bolti, mguu baada ya mguu, kwa kidole, kama anavyohesabu magunia ya majani kituoni.

"Huu una mbili," alisema.

Fundi akacheka, akasema ya tatu ilikuwa imeanguka, angeitia jioni.

"Tia sasa," alisema mdogo wangu. "Mimi nakaa humu mpaka uitie."

Akaitia. Naye akaijaribu kwa spana mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kreti, na mvua ya alasiri ilikuwa imeanza.